Mlango Ulio Karibu: Futari ya Jirani ni Haki Yake, Si Tangazo Letu



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujaendelea kusoma naomba ujijibu swali moja kimoyomoyo. Jirani yako asiye Mwislamu, yule mnayegawana ukuta, unamjua? Simaanishi kule kusalimiana kwenye ngazi. Unajua jina lake? Unajua kwake kuna mgonjwa au hakuna, anakula nyama au hali, na yeye naye anafunga wakati huu au hafungi? Kama unajua, mashaAllah, haya maneno mpelekee mwenzako. Kama hujui, kaa kidogo tuongee.

Kila Ramadhani ikiingia picha ni zile zile. Hoteli kubwa ya Nairobi au Mombasa, meza ndefu, bango limeandikwa futari ya dini zote, sheikh na askofu wameshikana mikono, na katikati yao mwanasiasa anatabasamu. Sina ugomvi na viongozi kuketi pamoja. Nchi hii imeshaona yanayotokea wakubwa wakikataa kuketi. Kazi yangu ni ya mtaani, na viti vya shughuli kama hizo nimevipanga sana.

Lakini hebu angalia nani hayuko kwenye hiyo picha. Mama mboga anayekuuzia dania na nyanya za futari hayuko. Mtu wa boda anayekukimbiza nyumbani kabla ya adhana hayuko. Soja wa geti hayuko. Yule jirani wa mlango wa pili, ambaye harufu ya viazi karai vyako inaingia kwake kila jioni, hayuko.

Maoni yangu ni haya: tumeipa nguvu futari ya bango, tukaiacha futari ya mlangoni. Na si kwa sababu tumekuwa wachoyo. Ni kwa sababu tumeanza kumlisha jirani kwa ajili yetu sisi, ili tuonekane watu wazuri. Hapo ndipo tulipoteleza, na hapo ndipo nataka turudi.

HATUDAIWI SAMBUSA

Tuseme ukweli bila kuzunguka. Tangu Westgate mwaka 2013, halafu Mandera 2014, halafu Chuo Kikuu cha Garissa 2015, kijana Mwislamu Kenya anaulizwa swali moja kwa sura tofauti: wewe uko upande gani? Anaulizwa kwenye kizuizi cha polisi, anaulizwa kwenye basi, anaulizwa mpaka darasani kwa mzaha ambao si mzaha. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, watu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo ni mtu mzima, na hajasahau.

Swali kama hilo likikaa na wewe zaidi ya miaka kumi, linaingia mpaka jikoni. Futari inageuka kuwa ushahidi wa mahakamani. "Njooni muone, sisi ni watu wa amani." Tende inakuwa kielelezo nambari moja, pilau kielelezo nambari mbili, na jirani Mkristo anakuwa hakimu wa kutuamulia kama tumefaulu.

Mimi nakataa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya dini yake. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wako wa kuabudu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kwanza ufuturishe watu ndiyo uhesabiwe huna hatia. Haki yako kama Mkenya haitoki kwenye sahani ya sambusa, na hakuna mtu unayemdai wala anayekudai sambusa ili akuone binadamu.

Sasa, wapo wenzetu wakishafika hapo wanaruka mpaka upande wa pili. Wanasema, basi tuachane nao. Kila mtu na chungu chake. Hao hawatutaki, sisi tunawatafutia nini? Hapo pia nashuka kwenye gari. Kwa sababu haki ya jirani haikuzaliwa 2013. Haikuletwa na serikali wala na wafadhili wa semina za amani. Ilikuwako Madina, na tumeirithi pamoja na swala na saumu.

MLANGO, SI DINI

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha (radhiyallahu anha) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu majirani wawili: zawadi aipeleke kwa nani? Jibu lilikuwa fupi, ampelekee yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Kipimo kilichotajwa pale ni mlango.

Katika Bukhari na Muslim imekuja pia kwamba Jibril aliendelea kumuusia Mtume kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa fungu kwenye mirathi. Na masahaba walimwelewaje jirani? Angalia mfano wa Abdullah bin Amr, uliopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kwake kulichinjwa mbuzi, na jambo lililomshughulisha ni kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Aliuliza, akarudia, kisha akawasomea hadithi hiyo hiyo ya Jibril. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwamba jirani anayetajwa kwenye dini ni Mwislamu peke yake, mwambie kwa heshima asome tena. Kurani yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 36, inamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na Suratul Mumtahina aya ya 8 haimkatazi Mwislamu kuwafanyia wema na uadilifu watu ambao hawakumpiga vita kwa ajili ya dini wala kumfukuza nyumbani kwake.

Sasa lete hilo Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu karibu asilimia 11 ya watu wote. Ukitoa kaskazini mashariki na sehemu za Pwani, kijana Mwislamu aliyepanga Nakuru, Kisumu, Thika au Eldoret, mlango ulio karibu naye mara nyingi ni wa mtu asiye Mwislamu. Hata Mombasa yetu, ingia Kisauni, Likoni au Bamburi, uhesabu milango ya ploti moja. Ukingoja mpaka upate jirani Mwislamu ndiyo utekeleze haki ya jirani, huenda ukahama kabla hujaitekeleza.

Na nia nayo imeshapangwa. Suratul Insan, aya ya 8 na 9, inawasifu watu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bila kutaka malipo wala shukrani. Mfungwa, jamani! Mufasirina wengi wametaja kwamba wakati ule mfungwa wa Waislamu alikuwa mtu asiye Mwislamu. Kama wewe unataka picha, hayo ni malipo. Kama unataka jirani aseme "kumbe nyinyi si wabaya", hiyo ni shukrani. Peleka sahani, sema karibu, rudi nyumbani kwako.

MWANAMKE ALIYEFUNGA SANA

Kuna hadithi ambayo natamani ingesomwa kila msikiti usiku wa kwanza wa Ramadhani. Imo katika Al-Adab Al-Mufrad ya Imam Bukhari. Mtume aliambiwa habari za mwanamke anayesimama usiku kuswali, anayefunga mchana na kutoa sadaka, lakini anawaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume akasema hana kheri, huyo ni wa motoni. Akatajiwa mwingine anayeswali za faradhi tu na kutoa sadaka ya vipande vya maziwa makavu, lakini hamuudhi mtu. Huyo akasema ni wa peponi.

Soma tena polepole. Wa kwanza alikuwa na saumu nyingi kuliko wa pili.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye sahani, tuangalie ulimi. Kwetu Pwani kuna watoto wa miaka saba wanaosema "kafiri" na "wabara" kama wanavyosema "maji" na "chai", kwa sababu ndivyo wanavyosikia nyumbani. Mtoto huyo huyo ndiye tunayemtuma na bakuli la kaimati mlango wa pili. Unadhani jirani hasikii? Kuta za ploti zetu ni matofali ya nchi nne, wakati mwingine ni mabati. Kila kitu kinasikika. Ndiyo, na sisi tunaitwa majina. Tunaitwa Al-Shabaab kwenye matatu, na wenzetu wanaitwa "wariah" kwa dharau. Hilo tunalipinga na tutaendelea kulipinga. Lakini wewe ndiye uliyefunga. Mdomo uliofungwa kula ufungwe na hilo pia.

Halafu tuongee kuhusu udhia wa Ramadhani yenyewe. Jirani yako anaamka saa kumi na moja kwenda kazini, wewe saa tisa na nusu unagonganisha sufuria za daku na redio juu. Watu wa tarawehe wameziba barabara na magari, mgonjwa hawezi kutolewa. Spika za msikiti adhana ni sawa, mtaa umezizoea, lakini darasa zima mpaka saa sita usiku ni jambo la kuzungumza na kamati ya msikiti. Hadithi ya Mtume iko wazi: hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Sahani ya mbaazi haifuti usingizi uliomharibia mtu kwa siku thelathini.

JIRANI WA JIKONI

Hapa najua wengine mtakasirika, lakini nitasema.

Jirani wa karibu zaidi wa dini nyingine, kwenye nyumba zetu nyingi, yuko ndani. Ni dada wa kazi. Anatoka Kitui, Busia, Kilifi ya ndani au Kisii. Saa nane mchana anaanza kukanda unga wa mahamri, anakuna nazi, anakaanga bajia, anachemsha uji. Yeye hajafunga. Sasa niambie, mchana alikula nini? Nyumba ngapi zinapika chakula chake cha mchana kwenye Ramadhani? Nyumba ngapi anakunywa chai ya mkandaa amejificha, kwa sababu ameambiwa harufu ya chakula inaudhi waliofunga? Na adhana ikilia, anakaa mkekani na wengine, au anasubiri jikoni mpaka sahani zirudi zikiwa na mabaki?

Huwezi kutoka kwenye nyumba kama hiyo ukaenda kumfuturisha askofu hotelini. Mambo haya yanaanza ndani. Apikiwe chakula cha mchana, au apewe nafasi na vitu ajipikie bila kuona haya. Saumu yako haimhusu. Jumapili yake ya kanisani ibaki palepale hata kama wageni ni wengi. Kazi ya ziada ya mwezi mzima ilipwe. Usimwambie ni thawabu, thawabu ni zako. Na jioni, kama anapenda, akae na watu. Hali kadhalika soja wa geti. Adhana ikilia anakufungulia lango ukimbilie tende, na yeye anabaki na redio yake. Kikombe cha uji na sambusa mbili kingekupunguzia nini?

MANENO TUNAYOYASIKIA MITAANI

Tukianza mazungumzo haya na vijana, hoja ni zile zile nne. Nitazijibu moja moja.

Ya kwanza: "Thawabu za kufuturisha ni kwa kumlisha aliyefunga, na yeye hakufunga." Sawa, hiyo ni fadhila ya kumfuturisha mfungaji, hakuna anayeibisha. Lakini dini haina mlango mmoja tu wa kheri. Ukimpelekea jirani, umeingia mlango wa haki ya jirani, na huo uko wazi miezi yote kumi na miwili.

Ya pili: "Tutachanganya dini." Tutachanganyaje? Adhana inaingia, unafungua kwa tende na maji, unaswali Magharibi, mgeni wako amekaa anakungoja au ameanza kula. Yeye hakuswali yako na wewe hukuswali yake. Vitabu vya sira vinasimulia ujumbe wa Wakristo wa Najran walivyopokelewa ndani ya msikiti wa Mtume Madina, na waliondoka bado ni Wakristo. Tena nikuombe, usigeuze mkeka wa futari kuwa mhadhara. Akiuliza, mjibu vizuri. Asipouliza, mwache ale. Mtu anajua akialikwa chakula na anajua akiwekewa mtego.

Ya tatu: "Wao mbona hawatualiki?" Wengi wanatualika, sisi ndio tunaogopa. Krismasi jirani analeta sahani, tunaipokea kwa tabasamu halafu tunampa paka, na yeye anajua. Mwambie ukweli mapema, kwa upole: nyama nakula ya kuchinjwa kwetu, lakini chapati, matunda na soda karibu sana. Wakenya wanaelewa. Ziko harusi na matanga mengi ya Wakristo ambako huitwa Mwislamu achinje ili wageni wote wale pamoja. Yule aliyefikiria hilo bila kuombwa ameshatutangulia kwa adabu.

Ya nne: "Pesa hakuna." Hii ndiyo ya kweli zaidi, na sitaidharau. Bei ya mafuta na unga tunaijua sote. Lakini Mtume alimuusia Abu Dharr, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba akipika mchuzi aongeze maji awakumbuke majirani zake. Aongeze maji tu, hakuambiwa aongeze nyama. Kaimati ni unga, hamira, maji na shira. Futari ya muhogo na viazi vitamu vya nazi inashibisha watu wengi kwa fedha kidogo. Na hadithi nyingine imetukataza kuidharau zawadi ya jirani hata ikiwa kwato ya mbuzi. Aibu ya sahani ndogo ni yetu sisi, dini haikutupa.

BASI MBILI ZA MANDERA

Kuna jambo moja linalonifanya nisilione hili kama jambo la mapishi.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Kitu cha kwanza walichofanya kilikuwa kutenga. Waislamu huku, wengine kule. Watu 28 wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine likielekea Mandera likasimamishwa karibu na El Wak, na amri ikawa ile ile: jitengeni. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Walionusurika walisimulia jinsi akina mama walivyowapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa matibabuni Nairobi. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ya Watu Wote ya mwaka 2017, ambayo ilifika mpaka kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Wengi tunaieleza habari ile kama ushahidi wetu: mnaona, sisi si wale. Lakini watu wa basi lile hawakuwa wakithibitisha kitu kwa yeyote. Hapakuwa na kamera. Mbele yao kulikuwa na bunduki, na pembeni yao kulikuwa na mtu waliyesafiri naye usiku kucha. Ukiwa pale huna muda wa semina. Kinachotoka ni kile ulichokizoea.

Na kutengana hakuanzi na bunduki. Kunaanza mapema, kimya kimya: duka letu na duka lao, saluni yetu na saluni yao, watoto wetu wasicheze na wao. Mombasa tunayo kumbukumbu chungu. Agosti 2012 baada ya Sheikh Aboud Rogo kupigwa risasi akauawa, na Oktoba 2013 baada ya Sheikh Ibrahim Omar kuuawa, hasira ya haki dhidi ya mauaji yale iliishia pia kwenye makanisa ya mitaani. Waumini wa makanisa yale hawakumuua mtu. Walikuwa majirani zetu. Waliofanya mauaji hawakuguswa, na familia za masheikh hazikupata haki yoyote kutoka kwenye moto ule.

Sikwambii upeleke sahani ili siku moja jirani akutetee. Hiyo itakuwa bima, na tumeshasema malipo hatutaki. Nakwambia tu tunachokiona kwenye kazi hii. Kijana akichukuliwa usiku na watu waliovaa kiraia, mtu wa kwanza kusikia ni jirani. Mara nyingi yeye ndiye aliyeona gari, aliyesikia jina, anayeweza kusema ilikuwa saa ngapi. Mtaa ambao watu hawajuani, kila mmoja anafunga dirisha. Na jirani Mkristo mwanawe akichukuliwa, je? Wewe utafungua dirisha au utasema si wetu? Swali hilo linatuuma pande zote mbili.

SASA TUFANYE NINI?

Usianze na mkutano. Anza na mlango mmoja, ule ulio karibu.

Peleka mapema. Zamani Pwani watoto walikuwa wakipishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa, jua halijatua, na sahani hairudi tupu. Peleka kabla wewe hujala, ili jirani ajue hukumletea makombo.

Uliza kwanza anakula nini. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani yetu ikaingia wiki hiyo hiyo, maana yake mwezi wetu wote ulikuwa ndani ya Kwaresma yao. Jirani Mkatoliki hali nyama Ijumaa za Kwaresma. Ukimpelekea sambusa ya nyama siku hiyo umempa mtihani, kwa hiyo mpelekee ya samaki, au mbaazi na mahamri. Jirani Msabato, Sabato yake inaanza Ijumaa jua likitua, dakika zile zile unapofungua. Usimwalike wakati huo. Mwalike Jumamosi, Sabato yake inapoisha na futari yako inapoingia, na wengi wao nguruwe hawali kama wewe. Jirani Mhindu huenda hali nyama kabisa, muulize pia kuhusu mayai. Kuuliza hakumwudhi mtu. Ni kumwonyesha kwamba umemfikiria.

Mwambie saa. Kwetu Kenya, sehemu nyingi, adhana ya Magharibi Februari na Machi ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro. Mgeni akijua hilo hatakuja saa mbili akakuta mmeenda tarawehe, wala hatakaa mbele ya chakula nusu saa asijue kwa nini hakiguswi. Wanafunzi wa vyuo, mwenzako wa chumbani umwambie pia saa ya daku, na simu yako iwe ya kutetemeka.

Simu ikae mfukoni. Usimpige picha akila. Kama mtapiga picha kwa sababu mmefurahi, ni yenu, usiirushe bila ruhusa yake. Mtu akialikwa mara ya pili bila picha, hapo ndipo ataamini mara ya kwanza.

Na ukubali kupokea. Akikuletea ndizi, maembe au kilo ya sukari, chukua na ushukuru. Anayetoa tu bila kukubali kupokea anajiweka juu ya mwenzake, na huo si ujirani.

Mwisho, usiishie Ramadhani. Mwezi wa Shawwal ukiingia, mlango wake bado uko pale pale. Akifiwa, nenda. Mwanawe akifaulu mtihani, mpongeze. Akiugua, mpitie. Ramadhani imetufundisha njaa ili tumkumbuke mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ana jina na anaishi hatua nne kutoka kwako.

Leo kabla ya adhana, usimtumie mtu ujumbe wala usimngoje kiongozi yeyote aitishe shughuli. Chukua sahani, weka ulicho nacho, funika, toka nje, bisha hodi. Akifungua, jitambulishe kwa jina lako, umuulize lake.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atusamehe, na asitujaalie kuwa wenye kufunga sana na kuudhi majirani. Amin.

Wabillahi tawfiq.